"Nilimwapia sitamwambia mtu": jibu kwa kocha wa vijana wa Mbagala

Swali

Shikamoo Mama. Nina miaka 26, nafundisha kwa kujitolea timu ya vijana chini ya miaka 17 huku Mbagala. Nina mchezaji wa miaka 15, beki wa kushoto, mtoto mtulivu. Mama yake yuko Oman kwa kazi za ndani, yeye anaishi kwa mjomba. Tangu Ramadhani amebadilika: anakosa mazoezi, ana simu mpya na njumu mpya, akija anakaa pembeni. Wiki iliyopita alibaki kunisaidia kukusanya vizibao, akanionyesha mgongo. Mjomba anampiga kwa waya. Akasema siku akipigwa huenda kulala kwa kaka mmoja mwenye duka la simu, ndiye aliyemnunulia vile vitu, na kwamba huyo kaka naye "ana mambo yake" ambayo hawezi kuyakataa. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Mwisho akasema kuna siku anatamani alale asiamke.

Nikisema atanikimbia, na timu ndiyo sehemu pekee iliyombakia. Nikinyamaza, usingizi sipati. Nimewaza nimchukue aishi kwangu, au nimfuate huyo mwenye duka tuongee kiume. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nianze na hicho kilichokukosesha usingizi: kiapo utakivunja, na usipitishe kesho. Ila wa kwanza kuambiwa kwamba kinavunjwa ni mtoto mwenyewe, na nitakueleza namna ya kumwambia.

Kuna jambo linalotangulia hata hilo. Amesema anatamani alale asiamke. Usiyachukulie kama maneno ya hasira. Mtafute leo hii umuulize kwa sauti ya kawaida, na neno lenyewe ulitaje: "Uliposema vile, ulikuwa unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kulitamka wakidhani watampandikizia wazo. Hawampandikizii. Aliyekuwa nalo atashusha pumzi kwamba kuna mtu amelitaja, na asiyekuwa nalo atakushangaa tu. Akijibu ndiyo, na hasa akiwa ameshapanga namna au siku, usimwache peke yake, hata akienda chooni usimpoteze machoni, na safari yenu ni ya hospitali, iwe Rangi Tatu au Temeke, popote palipo karibu. Mengine yote niliyoandika hapa yatasubiri. Akisema hapana, ni kuchoka tu, mshukuru, mwambie utamuuliza tena, na kweli umuulize tena.

Sasa kiapo. Mimi nimeshaapa kama wewe. Mwaka wangu wa pili kazini binti wa miaka 14 alinishika mkono nyuma ya darasa, akaniambia mambo ya nyumbani kwao, akaniapisha. Nilikuwa mdogo, na sikufichi, niliona fahari kwamba kati ya watu wazima wote amenichagua mimi. Nikakaa na siri yake siku 11. Nilikuwa nampelekea sabuni na madaftari nikijiona nasaidia. Siku ya 12 nikaambiwa amepelekwa mkoani kwa shangazi yake, na hakukuwa na mtu aliyejua huyo shangazi anakaa wapi. Sikumwona tena. Tangu siku ile, kijana akianza kuniambia "nataka nikwambie kitu lakini usimwambie mtu", namkatiza hapohapo, kwa upole: "Kabla hujasema, nikwambie mipaka yangu. Utakachoniambia sitakipeleka kijiweni. Lakini kama uko hatarini, au mwenzio yuko hatarini, nitamwambia mtu mwenye uwezo wa kusaidia, na wewe utajua ni nani." Utadhani watanyamaza. Katika miaka yangu yote, walionyamaza baada ya hapo ni wachache mno, na wengi wao walirudi baada ya siku chache. Kijana anayetafuta mtu wa kumwambia anataka mtu mzima asiyeyumba kuliko anavyotaka siri.

Wewe maji yameshamwagika, kwa hiyo unarudi nyuma kidogo. Angalia alivyokwambia: hamkukaa kwenye viti viwili mkitazamana kama mtu na hakimu. Mlikuwa mnakusanya vizibao, mikono ina kazi, macho yapo chini. Watoto wa umri huo, wa kiume hasa, ndivyo wanavyosema. Basi rudi palepale. Mwite mapema kabla ya mazoezi, mpe pampu, wewe shika mpira, mahali ambapo wenzake wanawaona ila hawawasikii. Halafu mwambie kitu kama hiki, kwa maneno yako:

"Juzi niliapa sitasema. Nilikosea kuapa. Wewe hukukosea kuniambia, ulifanya jambo gumu na sahihi. Mimi ndiye niliyeahidi kitu kilichonizidi. Yanayokupata siwezi kuyazuia peke yangu, na siwezi kukaa nayo nikikuangalia unaumia. Nitaongea na mtu wa ustawi wa jamii. Sijamwambia bado. Nimeanza na wewe."

Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa mawaidha. Anaweza kulia, kukutukana, kutupa pampu akaondoka. Kama ataondoka, usimkimbilie kama mwizi, mwambie tu utakuwepo hapo hadi saa fulani, na uwepo kweli. Akibaki, mpe uchaguzi ambao ni wa kweli. Lisemwe au lisisemwe, hapo hana la kuchagua, na usimdanganye kwamba analo. Lakini aende na nani, aongee na afisa mwanamke au mwanamume, kesho asubuhi au mchana, wewe uwepo chumbani au usubiri nje, hayo yote mwachie yeye. Mtoto ambaye kwa miezi kadhaa mwili wake umeamuliwa na watu wengine anahitaji sana kuamua kitu, hata kama ni saa ya kupanda daladala.

Hapo kuna tofauti moja. Ukisikia kwamba usiku huohuo analala dukani kwa huyo mtu, au mjomba ameapa kummaliza, usingoje kumwandaa. Toa taarifa kwanza, maelezo atayapata baadaye.

Taarifa inakwenda kwa nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, yaani halmashauri. Imeandikwa wajibu. Kwa hiyo atakayekuambia "umeingilia mambo ya familia za watu", unalo la kumjibu. Kwa vitendo, mtu wako ni afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo, au wa manispaa pale Temeke. Usipompata, au ikiwa ni usiku au sikukuu, piga 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure, inapokelewa saa 24, na hata wewe mtu mzima unaweza kuipiga ukasema "nina mtoto ana hili na hili, nianzie wapi". Mfundishe na yeye hiyo namba. Usimwandikie kwenye simu, maana simu yake ina mwenyewe aliyeinunua. Aikariri, tarakimu tatu hazimshindi.

Polisi wapo pia, lakini nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya mbele ambapo mtoto atasimulia mambo yake mbele ya aliyeibiwa kuku. Na ikiwezekana afike akiwa na afisa ustawi. Hilo nalisisitiza kwa sababu ya mtoto wa kiume. Bado kuna watu, wenye sare na wasio na sare, wakisikia kwamba mvulana amefanyiwa jambo na mwanamume mtu mzima wanamtazama mvulana kwa jicho baya. Afisa ustawi akiwepo, tangu mlangoni anapokelewa kama mtoto aliyetendewa, na hivyo ndivyo ilivyo. Chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na mtu mzima hajitetei kwa kusema "alikubali mwenyewe, mbona alikuwa anakuja".

Mwenyekiti wa mtaa ningemweka pembeni kwa sasa. Najua ndiyo desturi, kila jambo linaanzia kwa mjumbe, na ipo mitaa yenye Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto inayofanya kazi vizuri, zile zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tunaouita MTAKUWWA. Lakini hujui mwenyekiti anacheza bao na nani. Afisa ustawi atajua lini na jinsi ya kuihusisha kamati. Wewe hesabu yako iwe ndogo: anayejua ni yule mwenye kazi ya kufanya. Kocha msaidizi hana kazi hapo. Shehe au mchungaji, kwa heshima zao, bado. Na kundi la WhatsApp la makocha, hata ukificha jina, watu wataunganisha "beki wa kushoto" na njumu mpya kabla chai haijapoa.

Muda nao una maana yake kwa upande wa tiba. Ikiwa kilichotokea na huyo mtu ni cha siku hizi mbili tatu, kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahiwa ndivyo bora. Usiulize maswali ya kina kujua. Uliza moja tu: "Mara ya mwisho ulilala kule lini?" Jibu lake litakuambia kama mnakwenda hospitali leo au ofisi ya ustawi kesho. Baadhi ya hospitali, Amana ikiwemo, zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wanapatikana pamoja, na hivyo mtoto hazungushwi. Kwingine mtaombwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ombeni ishughulikiwe, lakini ikiwa saa zinakwenda, anzeni na daktari. Na kama ni ndani ya siku hizo, asifue nguo alizokuwa amevaa. Mwambie aziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, si nailoni.

Nunua kaunta buku ndogo. Leo usiku andika alichokwambia, tarehe, saa, mlikuwa wapi, na maneno yake kama alivyoyatamka. Kama alisema "ana mambo yake", andika "ana mambo yake". Usitafsiri na usiandike "amelawitiwa" kwa sababu hakusema hivyo, ni wewe uliyekisia, na mahakamani makisio yako yanaweza kumharibia. Mgongo andika ulivyouona: alama ngapi, zipo wapi, mbichi au za zamani. Usiupige picha. Najua nia yako, lakini picha ya mwili wa mtoto kwenye simu ya kocha ni kesi nyingine, na daktari yupo kwa kazi hiyo. Kitabu hicho kitamwokoa kusimulia upya kwa kila mtu mwenye meza. Kila anaposimulia anaumia, na kila anaposimulia maneno yanabadilika kidogo, ndipo wakili wa yule bwana anapopata pa kuingilia.

Nije kwenye kuongea kiume na mwenye duka. Hapana. Ukitoka pale mlangoni atafuta kila kitu kwenye simu yake na ya mtoto, atampigia kijana amuulize "umemwambia nani?", na usiku huo atakayeadhibiwa si wewe. Mkishikana mashati, wewe ndiye utakayelala mahabusu na ushahidi wote utanuka fitina. Mwachie polisi.

Lakini elewa anavyofanya kazi, maana bila hilo utashindwa kuelewa kwa nini kijana atamtetea. Na atamtetea. Watu wa aina hii hawaanzi na ubaya. Wanaanza na swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: "Umekula?" Halafu chipsi. Halafu chaji ya simu, halafu simu yenyewe. Njumu. Mahali pa kulala siku waya unapolia. Deni linapanda polepole bila kutajwa, hadi siku linapodaiwa, na siku hiyo mtoto anajiona yeye ndiye aliyekula vya watu. Ndiyo maana usimwambie "kwa nini ulichukua?" wala "hukujua anataka nini?" Alikuwa na njaa na mgongo unauma. Na njumu usimvue. Nimemwona mwalimu mmoja akimlazimisha mtoto arudishe zawadi "ili awe huru". Aliyefurahi ni mwenye kutoa, maana mtoto alirudi kwake peke yake, na viatu mkononi.

Wala usishindane naye kwa vitu. Mshahara wako naujua, ni sifuri. Kitu pekee ulicho nacho ambacho yeye hana ni kwamba Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu upo uwanjani na hudai chochote. Ukisema saa kumi na nusu, iwe saa kumi na nusu.

Kumchukua kwako nyumbani pia hapana, na hili najua litakuuma zaidi. Wewe ni kijana wa miaka 26, kapera kama nimekisia sawa, unamchukua mvulana wa miaka 15 aliyekwisha kulazwa nyumbani kwa mwanamume mwingine. Sikutuhumu. Lakini mjomba atakutuhumu, mwenye duka atamsaidia kukutuhumu, na mtoto mwenyewe atabaki anajiuliza na wewe utaanza kudai lini. Ustawi wa jamii wana utaratibu wa walezi wa kuaminika, familia zilizochunguzwa na kuandaliwa kumpokea mtoto kwa muda. Mara nyingi pia hupatikana ndugu mwingine, bibi Rufiji au mama mdogo Kigamboni, ambaye hakuna aliyemfikiria. Ukitaka kusaidia, mpe afisa majina ya ndugu ambao kijana amewahi kuwataja kwa furaha.

Mjomba atasema anamfunza adabu. Sheria yetu, kwa bahati mbaya kwa maoni yangu, imeacha mwanya wa kumrekebisha mtoto kwa adhabu. Ila sheria ileile inakataa adhabu iliyopita kiasi kwa umri na mwili wake, na waya mgongoni umepita. Huo mjadala wa ofisini usiubebe wewe. Ukikutana naye njiani, msalimie kama siku zote. Mama aliyeko Oman ana haki ya kujua, lakini asijulishwe kwa ujumbe wa sauti saa sita usiku akiwa jikoni kwa watu, pasipoti ikiwa mikononi mwa mwajiri, bila la kufanya isipokuwa kumpigia kaka yake na kulia. Afisa ajue namba yake, na apigiwe wakati mtoto ameshawekwa mahali salama.

Usione kwamba umekutana na jambo geni. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Hesabu kikosi chako, wachezaji 11 na wa akiba. Tumezoea kuwafungia geti mabinti na kuwaambia wavulana "mwanaume halii", kisha tunashangaa hawasemi.

Nikuandae pia kwa yatakayofuata, maana hayataenda kama unavyowaza. Afisa ustawi mmoja ana kata nzima, na pengine mbili. Utaambiwa njoo kesho. Familia itakaa kikao, utasikia neno "tuyamalize nyumbani", na kuna uwezekano wa bahasha kupita. Nenda tena kesho hiyo, kwa upole, na kaunta buku lako, uandike umeonana na nani saa ngapi. Wiki ikipita kimya, piga 116 uwaambie ulipofikia. Kijana naye anaweza kukana kila kitu mbele ya afisa. Usimwite mwongo. Amepima hasara zake, akaona kunyamaza ni nafuu kwa leo.

Na timu yako, anza kuibadilisha wiki hii bila kumtaja mtu. Waambie wachezaji wote mipaka ya siri kama nilivyoandika juu. Mtu mzima yeyote, wewe ukiwa wa kwanza, asikae na mchezaji mmoja chumbani mlango umefungwa, asimpakie peke yake kwenye bodaboda usiku, asichati naye mambo ambayo mlezi hawezi kuyasoma. Viwanja vyetu vina watu wema wengi, na ndiyo hao hao wanaowapa kivuli wabaya, kwa sababu hatupendi kuangaliana. Kocha anayekasirika akiulizwa "mbona ulikuwa naye peke yako" ndiye ninayemwandika mimi kwenye daftari langu.

Wewe pia tafuta mtu wa kuongea naye, bila kutaja jina la mtoto. Hata afisa mwenyewe, mkishamaliza shughuli, mwambie usingizi umekupotea. Wamezoea kuulizwa hayo kuliko unavyodhani.

Na ukipanga kikosi cha Jumamosi, namba 3 andika jina lake kama kawaida, hata kama hujui atakuja. Libandike pale wanaposomea wenzake.